Kituo Kidogo Hubeba Watu Wangapi? Habari za Kambi za Misafara Chini ya Milima ya Usambara

Ninyi mliokusanyika darasani, fungueni madaftari na wekeni kalamu tayari, maana leo katika historia tutatia na hesabu kidogo. Nawe unayesoma karatasi hii nyumbani, baada ya somo kupita redioni, soma polepole. Ukifika penye hesabu usiiruke, kwa sababu ndiyo roho ya somo letu.

Leo tutazungumza juu ya kambi za misafara, yaani mahali ambapo wasafiri wa zamani walitua mizigo, wakapika, wakalala, kisha wakaendelea na safari. Zamani kabla ya reli na motokaa, kambi hizo zilikuwa nyingi katika nchi yetu. Nyingine zilikua zikawa miji. Nyingine zilikufa, na leo pamebaki mibuyu na vichaka. Swali letu ni hili: kambi ndogo ya njiani inaweza kubeba watu wangapi, na ni kitu gani kinachoifanya iishi au ife?

Tutatafuta jibu chini ya Milima ya Usambara, katika wilaya ambayo leo huitwa Korogwe.

NJIA YA PANGANI

Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilitakiwa sana Ulaya, Marekani na Bara Hindi. Wafanyabiashara wa pwani walikwenda bara kuzitafuta. Njia mojawapo iliyojulikana sana ilianza Pangani. Ilifuata bonde la mto Pangani, ambao sehemu za juu huitwa Ruvu, ikapita karibu na Korogwe, kisha ikashika nyika iliyo chini ya Usambara upande wa magharibi. Hapo wasafiri walikuwa na milima mkono wa kulia, na nchi kavu ya Wamaasai mkono wa kushoto. Mbele yao kulikuwa na Upare, halafu Kilimanjaro, halafu Umaasai wenyewe.

Hapakuwa na punda wa kutosha wala magari. Kila kitu kilichukuliwa na wapagazi. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili. Frasila moja ni ratili 35, yaani kilo 16 hivi. Basi frasila mbili ni kilo 32 hivi, mbali na chungu chake, mkeka wake na silaha yake. Wakienda bara walichukua vitambaa, hasa kile kilichoitwa merikani, na shanga, na nyaya za shaba na chuma. Wakirudi walichukua pembe.

Mbele ya msafara alitembea kirangozi, mjuzi wa njia. Nyuma walikuwapo wanyapara wa kuwasukuma waliochoka. Mahali pasipo na maji walifanya tirikeza, yaani waliondoka mchana baada ya kunywa, wakatembea mpaka usiku, wakalala bila maji, wakaamka alfajiri kuyatafuta mbele. Tirikeza iliwatesa watu sana. Kwa hiyo kila mahali palipokuwa na maji na chakula palikuwa na thamani kubwa, na mwenye mahali hapo aliweza kutoza hongo, yaani malipo ya kupita na kupiga kambi.

MLIMA NA NYIKA

Mahali pamoja pa namna hiyo palikuwa Mazinde. Mazinde ipo tambarare, chini kabisa ya ukuta wa mlima, si mbali na Mombo ya leo.

Ili ufahamu kwa nini Mazinde palifaa, yakupasa ujue jinsi Wasambaa wanavyoigawa nchi yao. Juu ni Shambaai, nchi ya baridi, mvua na migomba. Chini ni nyika, nchi ya jua, miiba, wanyama wakali na homa. Wazee wa Kisambaa hawakupenda kulala nyikani. Waliijua homa ya huko kabla daktari yeyote hajawaambia habari za mbu. Lakini walishuka kuuza. Walileta ndizi, mahindi, maharage na miwa, wakapata nyama, chumvi, nguo na vyombo vya chuma, kisha wakapanda kurudi kwao.

Kwa hiyo masoko yalistawi pale mlima unapogusa nyika. Msafiri wa nyikani alikuwa na nguo lakini hana chakula. Mkulima wa mlimani alikuwa na chakula lakini hana nguo. Walikutana chini ya mlima, na kila mmoja akaenda zake ameridhika.

Wakati huo nchi yote ilitawaliwa na Wakilindi, na mji wa mfalme ulikuwa Vuga, juu mlimani. Mfalme mwenye sifa kubwa alikuwa Kimweri ye Nyumbai, Simba Mwene, ambaye nguvu zake zilifika mpaka Bondei na pwani. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alimtembelea mwaka 1848, na mara ya pili mwaka 1852. Wasafiri Burton na Speke walifika Vuga mwaka 1857. Kimweri alikuwa mzee sana wakati ule, naye alifariki mwaka 1862. Kumbuka mwaka huo, tutaurudia.

HESABU YA KIBABA

Sasa shika kalamu. Kila mpagazi alipewa posho. Posho ya kawaida ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Ndicho kibaba kile tunachokitaja katika methali, haba na haba hujaza kibaba. Kibaba kimoja cha nafaka kina uzito wa kilo 0.7 hivi. Vibaba vinne ni pishi moja.

Tuseme msafara wa watu 300 umefika Mazinde. Misafara ya namna hiyo haikuwa ajabu. Ilikuwako midogo zaidi, na ilikuwako mikubwa zaidi. Watu 300 wanataka vibaba 300 kwa siku. Gawanya kwa nne, utapata pishi 75. Kwa uzito ni kilo 210, lakini kwa wepesi wa hesabu tuseme kilo 200. Wakikaa siku tatu kupumzika, wanataka kilo 600.

Chakula hicho kitatoka wapi? Kitashuka mlimani juu ya vichwa vya watu, na hasa wanawake. Tuseme kila mwanamke anashuka na kilo 20. Basi kilo 600 ni mizigo 30. Si mingi. Vijiji vichache vya juu vinaweza kuitoa, na bado watoto wa nyumbani wakala wakashiba.

Sasa tuseme misafara miwili imefika siku moja. Ndivyo ilivyotokea mara nyingi, kwa sababu wafanyabiashara walipenda kufuatana ili wasishambuliwe njiani. Mizigo inakuwa 60. Msafara wa tatu ukija kabla ile miwili haijaondoka, mizigo inakuwa 90. Sasa mama wa mlimani ataanza kutazama ghala lake. Bei itapanda. Mpagazi aliyezoea kununua chakula cha siku kwa shanga chache ataambiwa hazitoshi. Ataona mgomba wa mtu umezaa, na njaa itamshauri vibaya. Mkulima naye atachukua upinde wake. Vita vingi vya kambini vilianza kwa mkungu wa ndizi.

Hapo ndipo tunapata jibu la kwanza la swali letu. Kipimo cha kambi hakikuwa ukubwa wa uwanja. Nyika ni pana, ungeweza kusimamisha vibanda elfu. Kipimo chake kilikuwa ziada ya mlima, yaani kile chakula kinachobaki baada ya wenyewe kula. Siku ambayo wageni wanakula ziada, kambi inaishi. Siku ambayo wageni wanaanza kula mbegu na chakula cha watoto, kambi imeanza kufa, hata kama imejaa watu na kelele za biashara.

MAJI NA UCHAFU

Kuna kipimo cha pili, nacho ni maji. Tuseme kila mtu anatumia lita 5 kwa siku kwa kunywa na kupika, bila kuoga. Watu 300 wanataka lita 1,500. Ukitumia madumu ya siku hizi ya lita 20, hayo ni madumu 75. Kijito cha mlimani kinatoa zaidi ya hapo. Lakini wakati wa kiangazi kijito hupungua, na hapo wanakunywa watu, mbuzi, ng'ombe na wanyama wa porini.

Tena maji si wingi tu, ni usafi pia. Kambi ya watu 300 isiyo na vyoo huchafua kijito kwa siku chache. Msafara unaondoka asubuhi, lakini uchafu haundoki nao. Msafara unaofuata unakunywa hapohapo.

Jambo hili lilileta msiba mkubwa mwaka 1869. Kipindupindu kiliingia katika nchi ya Wamaasai. Misafara iliyokuwa ikirudi kutoka huko ilikutana nacho, ikakichukua kambi kwa kambi mpaka Pangani. Kabla ya mwaka kwisha kilikuwa kimevuka bahari na kuingia Unguja, kikaua watu wengi sana. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja wakati ule, aliuliza wasafiri na wafanyabiashara mmoja mmoja, akaifuata njia ya ugonjwa nyuma mpaka bara. Mwaka 1876 alichapa kitabu juu ya habari hizo. Kitabu chake kinaonyesha kwamba ugonjwa ulitembea kwa miguu ya watu, katika njia zilezile za pembe na nguo.

Fikiri maana yake. Pembe zilikwenda kambi kwa kambi. Kipindupindu nacho kilikwenda kambi kwa kambi. Kambi iliyojaa kupita kiasi iliwadhuru watu ambao hata hawakuijua kwa jina.

MFANO WA TAVETA

Kabla hatujarudi Mazinde, tuifuate ile njia mbele, tupite Upare, tufike Taveta. Leo Taveta iko Kenya, karibu na mpaka, chini ya Kilimanjaro upande wa mashariki. Misafara ya Pangani na ya Mombasa ilikutana hapo.

Wataveta walikuwa watu wachache. Hawakuwa na ufalme mkubwa kama wa Wakilindi. Lakini walikaa katika msitu mnene kando ya mto Lumi, wenye rutuba na migomba mingi. Njia za kuingia msituni zilikuwa nyembamba, na penye njia waliweka malango ya magogo makubwa. Waliyaweka kwa sababu ya maadui, hasa Wamaasai waliotafuta ng'ombe. Lakini lango lililomzuia adui lilimhesabu na mgeni pia. Hakuna msafara ulioweza kuingia Taveta bila wenyewe kujua umekuja na watu wangapi.

Misafara ilipumzika Taveta kwa siku nyingi, wakati mwingine majuma mengi. Wapagazi walijenga vibanda katika maeneo yaliyo wazi msituni. Huko walitunga shanga kwa namna iliyopendwa na Wamaasai, wakagawa mizigo upya, wakanunua chakula cha mbele. Joseph Thomson alipita hapo mwaka 1883 akielekea Umaasai, naye aliisifu sana kwa utulivu. Wazee walipokea hongo yao, wakalinda soko, na mgeni alinunua akalipa.

Taveta ilikuwa ndogo kuliko Mazinde kwa nguvu za vita. Lakini watu wake walibaki mashambani wakilima, na soko lao liliendelea kuwa na ndizi. Shika mfano huo, halafu turudi Mazinde tuone tofauti.

MAZINDE YA SEMBOJA

Nilikuambia ukumbuke mwaka 1862, alipofariki Kimweri ye Nyumbai. Mjukuu wake, Shekulwavu, alirithi Vuga. Lakini mwana mmoja wa Kimweri, jina lake Semboja, alikaa Mazinde, kule chini kwenye njia ya misafara. Zamani mkubwa alikaa mlimani na mdogo akakaa tambarare. Sasa mambo yaligeuka. Vuga ilikuwa na heshima, mvua na mila. Mazinde ilikuwa na wageni, na wageni walikuwa na bunduki.

Semboja aliwajua watu wa pwani. Alivaa mavazi yao, akasema Kiswahili, akafanya nao biashara. Kwa bunduki na baruti alipata wapiganaji. Alimfukuza Shekulwavu kutoka Vuga, akamweka mwanawe, Kimweri Maguvu, awe mfalme. Wabondei nao waliasi utawala wa Wakilindi. Vita vilianza kati ya ndugu na ndugu, vikaendelea kwa miaka mingi. Ukitaka kusoma habari hizi kwa Kiswahili, tafuta kitabu cha Abdallah bin Hemedi kiitwacho Habari za Wakilindi. Mwandishi huyo aliishi katika nyakati hizo.

Sasa tazama jambo lililo muhimu kwa somo letu. Bunduki hulipwa. Ndizi na maharage havikutosha kununua bunduki. Pembe za ndovu zilikuwa zimepungua karibu, ikabidi zifuatwe mbali. Basi wakubwa walitafuta kitu kingine cha kuuza, wakauza watu. Mateka wa vita waliuzwa. Waliodaiwa faini wakashindwa kulipa waliuzwa, wao au watoto wao. Sultani Barghash wa Unguja alikubali mwaka 1873 kufunga soko la watumwa na kukataza kuwasafirisha kwa bahari, na mwaka 1876 akakataza misafara ya watumwa ya nchi kavu. Hata hivyo watu waliendelea kuuzwa kwa siri, maana mashamba ya miwa ya Pangani yenyewe yalitaka mikono ya kufanya kazi.

Je, jambo hili liliifanyia nini kambi? Fikiri kama mama wa mlimani. Zamani ulishuka na mkungu wa ndizi, ukarudi na nguo. Sasa ukishuka, huna hakika ya kurudi. Utafanya nini? Hutashuka. Utahamia juu zaidi, mahali pa siri, penye mawe. Utalima kiasi cha kula nyumbani tu, kwa sababu ghala kubwa huita wanyang'anyi. Na ziada ile, ambayo tulisema ndiyo kipimo cha kambi, itapotea.

Kwa macho ya mpita njia Mazinde ilionekana tajiri. Ilikuwa na nyumba za namna ya pwani, ilikuwa na wageni, ilikuwa na silaha. Lakini ilikuwa inakula mizizi ya mti inaoukalia. Mwenye kituo alianza kuwauza walewale waliokuwa wakikilisha kituo. Hakuna kambi inayoweza kuishi hivyo kwa muda mrefu.

Mambo mengine yalizidisha shida. Katika miaka ya mwanzo ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi sana wa Wamaasai na wa majirani zao. Wajerumani nao walikuwa wamekwisha ingia nchini. Mwaka 1895 Semboja alifariki, na mwaka huohuo Wajerumani walimnyonga mwanawe, Mputa, aliyekuwa mfalme wa Vuga. Walimweka Kinyashi, mtoto wa yule Shekulwavu aliyefukuzwa. Kisha ikaja njaa kubwa ya miaka ya 1898 mpaka 1900.

RELI INAPITA

Pigo la mwisho kwa kambi za wapagazi lilikuwa la chuma. Ujenzi wa reli ulianza Tanga mwaka 1893. Mwaka 1896 reli ilifika Muheza. Mwaka 1902 ilifika Korogwe. Mwaka 1905 ilifika Mombo, na mwaka 1911 ikafika Moshi.

Fanya hesabu tena. Behewa moja likichukua tani 10, hizo ni kilo 10,000. Gawanya kwa mzigo wa mpagazi, tuseme kilo 30 kamili. Utapata mizigo 333. Behewa moja, lisilokula kibaba hata kimoja, limechukua nafasi ya wapagazi 333. Treni haikulala Mazinde siku tatu. Haikununua ndizi. Ilipiga filimbi ikapita.

Mombo ndipo mahali palipopata faida, kwa sababu hapo treni ilisimama, na hapo ndipo barabara ya kupanda Lushoto ilipoanzia. Lushoto yenyewe wakati wa Wajerumani iliitwa Wilhelmstal. Nyika ya Mazinde ikawa nchi ya mashamba ya mkonge. Njia ilibaki palepale, lakini namna ya kusafiri ilibadilika, na kituo kilichotegemea namna moja ya wasafiri kikabaki bila kazi.

Wala reli nayo haikuwa ya milele. Motokaa zilipokuja zilichukua watu wake. Katika miaka ya 1990 treni za abiria za njia hiyo zilisimama, na vituo vidogo vikaota nyasi. Mwishoni mwa mwaka 2019 treni ya abiria ilianza tena kwenda Moshi kutoka Dar es Salaam. Kwa hiyo usimcheke Semboja peke yake. Kila kituo kina siku ambayo wasafiri wake watabadilisha njia.

JAMBO HILI LINAKUHUSU WEWE

Labda utasema, mwalimu, hizi ni habari za watu waliokufa. Subiri kidogo. Wasafiri wanakuja Usambara hata leo. Wanapanda kutoka Mombo kwa barabara ya kona nyingi, kilomita 33 hivi, wafike Lushoto. Wanatembea msituni, wanatazama nyika kutoka majabali ya Irente, wanaendelea mpaka Mtae. Baadhi yao hulala katika mahema, na wengine huja na magari yenye vitanda ndani. Watu wenye viwanja huulizana: je, nami nikitengeneza mahali pa kupiga kambi, nitapata faida? Niweke mahema mangapi?

Anza na maji, kama tulivyojifunza. Pima chemchemi yako wakati wa kiangazi, usiipime wakati wa masika, maana masika huwadanganya watu. Tuseme ndoo ya lita 20 hujaa kwa dakika 10. Kwa saa moja ni lita 120, na kwa siku nzima ni lita 2,880. Lakini chemchemi si yako peke yako. Tuseme nyumba 10 za jirani zinaitumia, kila nyumba lita 200. Hizo ni lita 2,000. Zimebaki lita 880. Mgeni wa leo huoga na kufua. Tuseme anatumia lita 60 kwa siku. Gawanya 880 kwa 60, utapata wageni 14. Hema moja hulala watu wawili. Basi kipimo chako ni mahema 7.

Hata kama uwanja wako unatosha mahema 30, kipimo chako ni 7. Hema la 8 linakunywa maji ya jirani.

Sasa uliza, je, mahema 7 yanaweza kukulisha? Tuseme hema moja linalipa shilingi 15,000 kwa usiku, na gharama zako za mwezi, yaani mlinzi, usafi wa vyoo na ada, ni shilingi 450,000. Gawanya. Utapata 30. Maana yake, ukipata wastani wa hema moja tu kila usiku, umelipa gharama. Linalozidi hapo ndilo faida. Hesabu hizi ni za mfano. Wewe tia bei za kwako na gharama za kwako. Ila usiache kuzifanya. Mtu anayeanza na mahema 30 atahitaji vyoo vingi, walinzi wengi na mkopo mkubwa, na mwezi wa mvua ukija bila wageni, mkopo hausubiri.

Tena usitegemee wageni peke yao. Mwaka 2019 watalii zaidi ya milioni 1.5 waliingia Tanzania. Mwaka 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, walikuwa 621,000 hivi tu. Hakuna mwenye kambi aliyefanya kosa. Njia ilifungwa, kama ilivyofungwa kwa wapagazi. Mwenye shamba la viazi na kabichi pamoja na kambi yake alikula. Aliyeng'oa kabichi zote ili aweke mahema alipata taabu.

Mwisho, nunua chakula cha wageni kwa majirani, na walipe vizuri. Hao ndio mlima wako. Ukiwanyang'anya maji, ukawachafulia kijito, au ukawapunja bei, watafanya kama yule mama wa zamani: hawatashuka.

TUKUMBUKE

Kambi ya njiani hupimwa kwa ziada ya maji na chakula cha wenyeji. Taveta, ndogo na yenye malango, ililinda soko lake na wakulima wake. Mazinde ilipata nguvu kwa njia ya misafara, lakini wakubwa wake walipoanza kuuza watu, walivunja shina lililowalisha. Kisha reli ikabadilisha safari, na wapagazi hawakurudi tena.

Maneno ya kujifunza na kuandika mara tatu: kirangozi, mnyapara, posho, hongo, tirikeza, frasila, pishi, kibaba, ziada.

Maswali ya kujadiliana darasani:

1. Msafara wa watu 240 unakaa kambini siku 5. Unataka vibaba vingapi, na pishi ngapi?

2. Kwa nini wakulima wa mlimani waliacha kushuka sokoni baada ya vita kuanza?

3. Tafuteni chemchemi au bomba moja kijijini kwenu. Pimeni ndoo ya lita 20 hujaa kwa dakika ngapi. Je, baada ya majirani wote kuchota, zinabaki lita ngapi kwa mgeni?

4. Waulizeni wazee: je, katika kata yenu palikuwa na kituo cha misafara au soko la zamani? Kilikufa lini, na kwa nini?

Andikeni majibu ya wazee katika daftari, pamoja na majina ya mahali. Mengi ya mambo hayo hayajaandikwa popote, na ninyi sasa mnajua kuandika. Kwaherini, mpaka somo lijalo.